Biashara ni Watu: Kazi ya Mlezi wa Biashara Katika Kikundi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni. Tumeyachapisha ili wale ambao hawakufika wayasome pamoja katika mikutano yao. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.)



Wenyeviti, makatibu, watunza hazina, na nyinyi wanachama mlioamka kabla ya jogoo ili mfike hapa, nawasalimu nyote. Wako waliotoka upande wa Mwingi na Mutomo, na wako waliotoka Kathonzweni na Kibwezi. Safari ilikuwa ndefu na jua ni kali, kwa hiyo nitajaribu kusema mambo ambayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani akayatumia.

Nianze na swali. Vikundi viwili vinakaa kata moja. Mvua ni ileile ya Oktoba hadi Desemba. Wote wamepanda ndengu, wote wamevuna. Kikundi cha kwanza kinauza vizuri, kinagawana faida, na mwaka unaofuata mnunuzi anapiga simu mwenyewe kuuliza mavuno yakoje. Kikundi cha pili kinauza kwa bei ya kutupa, wanachama wanagombana, mwenyekiti anaitwa mwizi, na Pasaka ikifika kikundi hakipo tena. Tofauti yao ni nini?

Watu wengi wakiulizwa hujibu haraka: ni pesa. Wale wa kwanza wana mfadhili. Mimi katika kazi hii ya maendeleo ya jamii nimeona vikundi vilivyopewa pesa vikafa, na vikundi visivyopewa hata senti vikasimama. Sisemi pesa si kitu. Nasema kwamba pesa ya biashara hupitia mikononi mwa watu: anayenunua kwako, anayekuuzia, anayekupa kibali ofisini, na mwenzako mnayekaa naye kwenye mkeka mmoja. Ukikosana na hao, pesa haitafika kwako hata kama shamba limejaa. Wazee wetu walisema biashara haigombi. Lakini kujua hilo ni kitu kimoja, na kulifanya mnunuzi anapokuletea dharau ni kitu kingine. Hiyo ni kazi ya kujifunza, na mtu hujifunza vizuri akiwa na wa kumwongoza.

MLEZI WA BIASHARA NI NANI?

Wengine humwita kocha, kama yule wa mpira. Mimi napenda neno letu, mlezi. Tunalijua kanisani: kwaya ina mlezi, vijana wana mlezi. Mlezi haimbi badala ya kwaya. Anakaa nao, anasikiliza, anasema: hapa sauti ya pili imepotea, rudieni.

Mlezi wa biashara ni hivyohivyo. Si mwalimu wa semina ya siku moja anayeandika ubaoni, anakunywa chai na kwenda zake. Si mfadhili. Si mtu wa kuwauzia mbegu au dawa. Ni mtu mwenye uzoefu wa biashara anayekuja kwenu mara kwa mara, anaangalia mnavyofanya, anauliza maswali, na anaporudi anauliza: yale tuliyokubaliana, mmeyafanya?

Hapo kwenye kuuliza maswali pana siri. Wazee waliopitia semina za DELTA, zilizoanza hapa Kenya kupitia Kanisa Katoliki miaka ya 1970, wanakumbuka: mtu mzima hafundishwi kama debe tupu la kujazwa maji. Anaulizwa, anafikiri, anaona mwenyewe. Mlezi mzuri hatawaambia, "Dalali wenu ni mbaya, mwacheni." Atawauliza, "Dalali huyu mnamjua jina? Anauza wapi? Mwaka jana alilipa baada ya siku ngapi? Nani mwingine hununua ndengu hapa?" Mkishindwa kujibu mtaona wenyewe kwamba mmekuwa mkifanya biashara na mtu msiyemjua.

JE, JAMBO HILI LINASAIDIA KWELI?

Msiamini kwa sababu nimesema mimi. Hapa hapa Kitui jambo hili lilichunguzwa. Kuanzia mwaka 2013, watafiti David McKenzie wa Benki ya Dunia na Susana Puerto wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walifuata wanawake 3,537 wenye biashara ndogo katika masoko 157 ya vijijini, katika kaunti za Kitui, Embu, Kisii na Kakamega. Wengine walipigiwa kura wakapata mafunzo ya ILO ya siku 5, na wengine hawakuyapata, ili walinganishwe. Baada ya miaka 3, waliofundishwa walikuwa wanauza zaidi kwa asilimia 18 hivi, na faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 15 hivi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu mtu anaweza kufikiri hao wamama waliwanyang'anya majirani wateja. Hapana. Jirani ambaye hakufundishwa hakupoteza. Soko lenyewe lilikua. Wateja waliongezeka kwa sababu wale wamama walianza kuhudumia watu vizuri zaidi na kuleta bidhaa ambazo hazikuwapo pale.  Kwa hiyo yule anayesema, "Fulani akiendelea mimi nitaanguka," ajue kwamba ilipimwa katika masoko yetu na haikuwa hivyo.

Uchunguzi wa pili ulifanywa Dandora, Nairobi, na Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, ukachapishwa mwaka 2018. Wanawake vijana wenye biashara ndogo waliwekwa katika mafungu. Wengine walisoma darasani. Wengine walipewa kila mmoja mama wa palepale mtaani, mwenye biashara iliyokomaa, awe anakutana naye. Wale wa darasani walibadilisha baadhi ya mambo katika kazi yao, lakini faida yao haikupanda. Waliopewa mama wa kuwaongoza, faida ilipanda kwa asilimia 20 hivi kwa wastani. Kwa nini? Zaidi kwa sababu mama yule alijua mahali pa kununua mali kwa bei nafuu. Alimwambia binti, "Wacha kununua kwa huyo, nenda kwa yule."

Msione kama uchunguzi huu miwili inapingana, mmoja ukisifu darasa na mwingine ukilipunguza. Tazameni kilichobadilika. Masokoni vijijini, ni jinsi mama alivyokaa na mteja wake, na alichomletea. Dandora, ni jinsi binti alivyompata mwuzaji mzuri. Kote kuwili mabadiliko yalikuwa kati ya mtu na mtu.

Lakini Dandora kuna onyo pia. Yule binti na yule mama walipoacha kukutana, faida ile ilianza kupungua. Mtu akiachwa mapema, hurudi alikotoka. Ndiyo maana nasema mlezi awe wa karibu, si wa kuletwa na gari mara moja kwa mwaka.

MLEZI AWASAIDIE KUKAA VIPI NA WATU?

Nitataja watu wa aina nne.

1. Mnunuzi na dalali

Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Tuseme kikundi cha watu 20, kila mtu ana magunia 2 ya ndengu ya kilo 90. Hayo ni magunia 40. Dalali akija na mizani yake inayopunguza kilo 2 tu kwa kila gunia, mmepoteza kilo 80. Hilo ni karibu gunia zima. Kama kilo ni shilingi 100, ni shilingi 8,000 zimeenda, na hakuna aliyeiba usiku. Wengi wetu hapo tunafanya moja kati ya mambo mawili: tunanyamaza tukinung'unika, au tunatukana. Yote mawili hayaleti pesa.

Mlezi atawafundisha njia ya tatu. Muwe mmepima wenyewe kabla hajafika, na mmeandika. Akifika, mtu mmoja tu ndiye anayezungumza kwa niaba ya kikundi, kwa heshima: "Karibu, bwana. Sisi tumepima, hii ndiyo hesabu yetu. Pima na wewe, tulinganishe." Dalali mwaminifu atafurahi, maana hata yeye hupenda kikundi kisichomsumbua. Asiye mwaminifu atajua hapa si pa kuchezea. Mazungumzo yafanyeni kwa mkebe kabla hamjavunja bei, si baada ya mzigo kupanda lori.

Na sisi pia tuwe waaminifu. Kuna mtu anayechanganya ndengu na mchanga ili uzito upande. Kuna anayeweka maembe makubwa juu ya kreti na yaliyooza chini. Huyo anafikiri amemshinda dalali. Wazee wa Makueni wanajua jambo la maembe. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda waliokuwa wakikutwa ndani yake. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2021. Miaka 7! Mnunuzi wa mbali hakuuliza ni embe la mama nani. Mlango ulifungwa kwa wote. Imani ya mnunuzi ni mali ya kikundi kizima, na mtu mmoja anaweza kuiharibu.

Tena msiwe na mnunuzi mmoja tu. Makueni kiwanda cha matunda cha kaunti kilifunguliwa Kalamba mwaka 2017, na mkulima ambaye zamani alimngoja dalali tu akapata mahali pengine pa kuuliza bei. Huhitaji kumtukana dalali. Ukijua bei ya pengine, unazungumza naye ukiwa umesimama wima.

2. Anayekuuzia, na anayeagiza kutoka mbali

Akina mama wa vyondo wanaelewa hili. Mtu wa Nairobi anaagiza vyondo 50 vya kipimo kimoja. Mnafuma, lakini kila mtu kwa kipimo chake na rangi aipendayo. Anarudisha 20. Kikundi kinasema ana majivuno. Mlezi angeuliza: "Mlikuwa na chondo cha mfano mezani? Kipimo mliandika? Siku ya kupeleka mliijua?" Na kama mvua imechelewesha kazi, au kuna msiba, mjulisheni mapema. Watu wengi huzima simu wakijua wamechelewa. Kuzima simu kunaharibu kuliko kuchelewa. Ukisema, "Mama, tumefikisha 30, 20 zilizobaki ni Ijumaa ijayo," atakasirika kidogo, lakini atakuagiza tena.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tunavyosema. Mimi nasema chondo kizuri kilichowekwa chini ya kitanda hakijiuzi. Lazima mtu akitoe, amwonyeshe mwingine, aeleze kimefumwa na nani na kwa konge ya wapi.

Na yule anayewauzia nyinyi konge, rangi, mbegu au magunia, mlipeni siku mliyoahidi. Siku ya kiangazi mtakapohitaji kupewa kwa mkopo, hatatazama nguo zenu. Atakumbuka mlivyolipa.

3. Watu wa ofisi

Wengi wetu tunaogopa ofisi. Tunaenda siku ya shida tu, tukiwa tumekunja uso. Mlezi awafundishe kwenda kabla ya shida. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kulingana na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na cheti hakijaisha. Mjulisheni afisa wa kilimo mnalima nini. Mnajua serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nafasi hiyo haimfuati mtu nyumbani. Inampata yule ambaye karatasi zake ziko sawa na aliyeuliza mapema.

Kumjua afisa si kumpa kitu kidogo. Mtu akiwaambia, "Mlezi wenu ni mimi, lakini toeni chai kwanza ili mlango ufunguke," huyo si mlezi. Mlango uliofunguliwa kwa hongo unafungwa na mwenye hongo kubwa zaidi.

4. Sisi kwa sisi

Hili nimeliweka mwisho, lakini ndilo linaloua vikundi vingi. Hatuwezi kumheshimu mnunuzi kama hatuheshimiani. Sisi Wakamba tuna mwethya. Mababu zetu walijengeana nyumba na kulimiana kwa mwethya, na mitaro mingi ya vilima hivi ilichimbwa hivyo. Mwethya hauna askari. Unakwenda kwa jirani leo kwa sababu unajua kesho atakuja kwako, na asiyekuja anajulikana. Hiyo ni biashara ya kuaminiana, na tulikuwa nayo kabla ya semina yoyote.

Kilichoongezeka sasa ni pesa, na pesa inataka kuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Mlezi akae na mtunza hazina na katibu, na kila mkutano hesabu isomwe kwa sauti, hata kwa wasiojua kusoma. Pesa zikipitia kwenye simu ya mtu mmoja, ujumbe wa M-Pesa usomwe mbele ya wote. Kufanya hivyo si kumshuku mtunza hazina. Ni kumlinda, ili siku maneno yakianza awe na mashahidi 20.

MTAMPATA WAPI MLEZI?

Msingoje aletwe kutoka Nairobi. Tazameni karibu. Kuna yule mama ambaye ameuza sokoni miaka 15 na hajawahi kukosa mteja. Kuna mwalimu aliyestaafu anayeendesha duka lake vizuri. Kuna kikundi kilichowatangulia miaka mitano. Nendeni kwake wawili, si wote, mkamwombe aje mara moja kwa mwezi kwa miezi sita, kisha mtazame pamoja kama kuna mabadiliko. Mkubaliane mwanzoni kama atalipwa nauli au kitu kingine, na muandike. Kazi ya bure isiyo na mpango huisha kwa mwezi wa pili.

Mwangalieni kwa mambo haya. Je, anaweka siri za kikundi? Je, anakubali kuulizwa? Je, anawajua wanunuzi, na yuko tayari kuwatambulisha kwenu? Na mkimbieni anayetaka kushika pesa zenu, anayetaka namba ya siri ya simu ya kikundi, au anayetaka mnunue kwake tu.

Nimesema kutambulisha, na hapo nataka mkumbuke Barnaba. Katika Matendo ya Mitume, Paulo alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa. Hawakuamini kwamba amebadilika. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa mitume, akamweleza. Barnaba hakuhubiri badala ya Paulo. Alimfungulia mlango, Paulo akaingia na miguu yake. Mlezi wa biashara ni Barnaba wa kikundi. Anasema kwa mnunuzi, "Hawa nawajua, kazi yao nimeiona." Neno hilo moja linaweza kuwa na thamani kuliko mkopo. Lakini yeye hawezi kulisema kama kazi yenu ni ya uongo, kwa maana analipa kwa jina lake mwenyewe.

Na mwisho wa miezi sita, mlezi awe amewaachia watu wawili wa kikundi wanaoweza kufanya anachofanya yeye. Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Mmoja akiugua au akihama, mwingine yupo. Tena kikundi chenu kikisimama, kikilee kingine. Mmeona masokoni Kitui kwamba jirani akiinuka hamwanguki. Ndiyo njia ya kuifanya faida isififie kama ilivyofifia Dandora.

Kabla ya mkutano wenu ujao, fanyeni mambo matatu tu. Andikeni majina ya watu wote mliouziana nao mwaka huu, na namba zao. Karibu na kila jina andikeni nani anamdai mwenzake nini, pesa au ahadi. Halafu chagueni jina moja mlilokosana nalo, mtume watu wawili wakazungumze naye kwa upole. Mtashangaa jinsi mlango mmoja ukifunguka, mwingine unaonekana nyuma yake.

Mungu awabariki, awape mvua ya kutosha na wanunuzi waaminifu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwaka jana tuliuza kwa nani? Tunamjua vipi, naye anatujua vipi?

2. Kuna mtu aliyeacha kununua kwetu? Tulimfuata kumwuliza sababu?

3. Katika kata yetu, ni nani anaweza kuwa mlezi wetu? Nani wawili waende kumwomba, na siku gani?

4. Hesabu yetu husomwa kwa sauti katika kila mkutano? Kama hapana, tunaogopa nini?

5. Ni kikundi gani kidogo kuliko chetu ambacho tunaweza kukishika mkono?